Mrututu, Magadi na Ndimu: Habari za Kupima Sukari Isiyoonekana

Wasikilizaji wa Mwanza na wa pande zote za Ziwa, leo twataka kueleza habari za kipimo kidogo chenye faida kubwa, nacho ni kipimo cha kutambua sukari iliyoyeyuka.

Wataalamu waliofika zamani kwenye Ziwa hili walitafuta vitu vionekanavyo kwa hadubini. Mwaka 1906 Robert Koch wa Ujerumani alifika Mwanza kuchungua malale, kisha akavuka kwenda visiwa vya Sese. Mwaka 1949 kikaanzishwa Mwanza kituo cha kuchungua matende. Vijidudu vya malale huonekana katika tone la damu, na vimelea vya matende katika damu iliyochukuliwa usiku. Lakini sukari ikiisha kuyeyuka, hadubini haiioni kamwe.

Watu wa kale walijaribu njia nyingine. Waganga wa Bara Hindi waliona sisimizi wakikusanyika penye mkojo wa wagonjwa fulani, wakauita ugonjwa huo kwa jina la asali. Mwaka 1776 Matthew Dobson, daktari wa Liverpool, aliuchemsha mkojo wa mgonjwa hata ukakauka, ukabaki unga mweupe wenye ladha ya sukari. Hapo ikawa dhahiri kwamba utamu ule ni sukari yenyewe.

Lakini ulimi ni shahidi dhaifu. Katika karne ya 19 wakemia wa Ujerumani, miongoni mwao Hermann von Fehling, waligundua kwamba mrututu waweza kuitoa sukari mafichoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Stanley Benedict wa Marekani akaitengeneza dawa hiyo vizuri zaidi. Dawa yake ina mrututu, magadi yaliyosafishwa, na chumvi itokanayo na asidi ya ndimu. Magadi huifanya dawa iwe kali. Chumvi ile huishika shaba ya mrututu isitue chini kama tope. Na sukari ikifika, huigeuza shaba ikawa unga mwekundu.

Mpimaji hutia mililita 5 za dawa, yaani kijiko cha chai, katika neli ya kioo, akaongeza matone 8 ya mkojo, akaiweka neli katika maji yatokotayo kwa dakika 5. Rangi ikibaki buluu, sukari haikuonekana. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Kisha hufuata manjano, rangi ya chungwa, na mwisho wekundu wa tofali.

Hata hivyo shahidi huyu naye ana mipaka yake. Sukari ya miwa, tuitiayo katika chai, haibadili rangi mpaka ichemshwe kwanza na asidi, kisha ukali wa asidi utulizwe kwa magadi. Mama anyonyeshaye aweza kuwa na sukari ya maziwa katika mkojo, rangi ikageuka, naye hana kisukari. Tena figo huizuia sukari isitoke mpaka izidi katika damu, kiasi cha miligramu 180 hivi kwa desilita. Kwa hiyo buluu haimhakikishii mtu uzima wake. Ndiyo sababu leo dawa ya Benedict imebaki zaidi katika masomo ya shule za sekondari, na hospitali hupima damu.

Jambo hili latuhusu sana. Mwaka 1989 ilichapwa habari ya uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila mia. Mwaka 2011 ikachapwa habari ya uchunguzi uliofanywa Mwanza: miongoni mwa wagonjwa wa kifua kikuu, asilimia 16.7 walikuwa na kisukari, na miongoni mwa wasio na kifua kikuu waliolinganishwa nao, asilimia 9.4. Kisukari hudhoofisha kinga ya mwili, na kifua kikuu hupata nafasi. Mtu aweza kutibiwa mapafu, na adui wa pili akabaki ndani hajulikani.

Basi, wasikilizaji, mwenye kiu isiyokatika, akojoaye mara nyingi na kukonda bila sababu, na kila augua kifua kikuu, asingojee sisimizi wamwonyeshe. Aende akapimwe damu.