Wasia wa John Wayles na Tatizo la Neno "Suria"

Afasiriye kwa Kiswahili nyaraka za mashamba ya Virginia ya karne ya kumi na nane hukwama mapema, tena kwenye neno moja tu. Tutazame mirathi ya John Wayles, mwanasheria, mkulima wa tumbaku na dalali wa biashara ya watumwa, aliyezaliwa Lancaster, Uingereza, mwaka 1715, akafariki Virginia mwaka 1773.

Mwaka 1746 Wayles alimwoa Martha Eppes, na kwa mapatano ya ndoa hiyo baadhi ya watumwa wa ukoo wa Eppes wakahamia kwake. Miongoni mwao alikuwamo Elizabeth Hemings, mtoto wa miaka kumi na mmoja hivi. Yaani anaingia katika kumbukumbu kama mali iliyofuatana na bibi harusi. Wayles alipofiwa na mke wa tatu, Elizabeth alimzalia watoto sita. Ndivyo alivyosimulia mjukuu wake, Madison Hemings, katika gazeti la Ohio mwaka 1873. Kitinda mimba, Sally, alizaliwa mwaka uleule aliofariki Wayles.

Mirathi iligawanywa mwaka 1774. Thomas Jefferson, aliyemwoa Martha binti Wayles, akapata watu 135, na pamoja nao fungu zito la madeni ya mkwewe kwa wafanyabiashara wa Uingereza. Katika daftari lake la shamba watoto wamepangwa chini ya mama zao. Baba wa watoto wa Elizabeth hakutajwa. Basi Martha akawa amerithi ndugu zake wa kwa baba, na hapana ukurasa wowote wa daftari unaokiri hivyo.

Je, Elizabeth tumwite suria? Wafasiri wengi wangefanya hivyo bila kusita, nami katika rasimu yangu ya kwanza nilifanya. Lakini neno hilo, kwa mtu wa pwani, limebeba sheria nzima. Katika fiqhi mtoto ambaye suria amemzaa na bwana wake, naye bwana akamkubali, ni huru, na hurithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Mama mwenyewe hauzwi tena, na bwana akifa huwa huru. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, waliorithi enzi za Unguja na Oman walikuwa wana wa masuria. (Hili halifanyi utumwa wa pwani kuwa wa huruma, waliolima mikarafuu wangetushangaa.) Virginia, kwa sheria ya mwaka 1662, mtoto alifuata hali ya mama, baba awe nani. Wayles hakuhitaji kuwakana watoto wale. Sheria ilikwisha kumkania. Kwa hiyo tukiandika "suria" tunampa Elizabeth haki ambazo hakuzipata hata siku moja.

"Hawara" nalo halifai, kwani linadokeza hiari. "Mzalia" lingewafaa watoto, maana walizaliwa nyumbani mwa bwana, ila halisemi lolote juu ya baba. Mimi nimeandika "kijakazi aliyezaa na bwana wake". Ni maneno marefu yasiyopendeza, walakini hayadai zaidi ya yaliyotokea.

Tatizo hilohilo lajirudia kizazi cha pili. Madison alisema kuwa baba yake ni Jefferson, na baada ya uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 1998, ukisomwa pamoja na nyaraka, wanahistoria walio wengi wamelikubali hilo. Wasia wa Jefferson wa mwaka 1826 ulimwachia huru Madison na nduguye Eston. Mama yao hakutajwa. Jina la Sally limo katika orodha ya mali ya marehemu, na thamani yake imeandikwa kuwa dola 50.