Fimbo ya mbali na kompaila ya mbali

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi waandishi wa programu tumebishana na methali hiyo kwa miaka 60 sasa.

Tuanzie chuo cha Dartmouth, Marekani, tarehe 1 Mei 1964. Saa kumi alfajiri, programu mbili za lugha ya BASIC ziliendeshwa kwa pamoja kwenye kompyuta moja kubwa, kazi iliyoongozwa na John Kemeny na Thomas Kurtz. Mwanafunzi aliketi mbele ya teletaipu, mashine kama taipureta iliyounganishwa kwa waya, akachapa maagizo. Kompaila, ile programu inayotafsiri maagizo hayo kuwa lugha ya mashine, ilikuwa mbali naye. Kabla ya hapo ulipeleka kadi zilizotobolewa, ukasubiri kwa saa nyingi, kisha ukaambiwa umesahau koma moja!

Kompyuta za mezani zilipokuja, fimbo ikarudi mkononi. Mwaka wa 1983 Borland ilitoa Turbo Pascal kwa dola 49.95: kihariri na kompaila ndani ya programu moja, kwenye mashine yako mwenyewe.

Lakini programu zikanenepa, na seva ndizo zenye nguvu. Wengi wakawa wanaingia kwenye seva na kuandika huko huko. SSH, iliyotungwa na Tatu Ylönen huko Finland mwaka wa 1995, iliifanya safari hiyo kuwa salama. Tatizo likabaki umbali. Hapa Kenya, kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ya kimataifa ilipitia setilaiti kwa sehemu kubwa, kilomita 36,000 juu angani. Herufi unayobonyeza hupanda na kushuka, jibu lake nalo hupanda na kushuka: karibu nusu sekunde kabla hujaiona. Hebu andika hivyo siku nzima!

Dawa ilikuwa kuigawa kazi. Ukitumia Emacs pamoja na TRAMP, unahariri faili la seva ukiwa kwako, na amri ya kukompaili inatekelezwa kule. Mwaka wa 2019 Microsoft ikaleta mpango kama huo kwa VS Code. Vidole havivumilii kusubiri, ila kompaila tumezoea kuisubiri.

Kwa hivyo mwenye laptopu kuukuu leo anaweza kukompaili programu kubwa. Ila mtandao ukikatika, kompaila nayo imekwenda. Hapo ndipo wahenga hucheka.