Kitabu Mezani Baada ya Sala

Watoto wa kwanza kulelewa na Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, kisiwani Unguja hawakuletwa na wazazi wao. Mwaka 1864, Askofu Tozer na Padre Edward Steere walikuwa hawajakaa siku nyingi mjini pale Sultani Majid alipowakabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Baba na mama zao walibaki mbali bara, au walikwisha kufa, na wavulana wenyewe hawakuwa na njia ya kujua.

Naanza na hao kwa sababu tukitaja familia inayosoma hadithi pamoja, huwa tunaona nyumba iliyokamilika: baba kitini, mama karibu na taa, watoto mkekani. Vitabu vya hadithi katika Kiswahili chetu cha kuchapwa vilianzia katika nyumba isiyokuwa hivyo hata kidogo.

Misheni ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na vijana walifundishwa kupanga herufi. Steere alikaa na wasimuliaji wa mjini akaandika ngano zao, na mwaka 1870 zikachapwa London. Lakini kabla ya hapo, katika miaka ile ya 1860, kilikuwa kimekwisha kutoka kitabu kidogo kilichoitwa Hadithi za Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na habari za Mfalme Lear na za mfanyabiashara wa Venisi, kwa lugha ambayo mtoto wa Unguja angeweza kuifuata.

Hadithi hizo zilitolewa katika kitabu ambacho Charles Lamb na dada yake Mary waliwaandikia watoto mwaka 1807, wakizigeuza tamthilia za Shakespeare ziwe masimulizi. Dibaji yao ina jambo la kupendeza. Zamani zile, mtoto wa kiume aliruhusiwa mapema kuingia penye vitabu vya baba yake, na binti akangojeshwa. Kwa hiyo waandishi wanawaomba wavulana wawaeleze dada zao mahali pagumu, kisha wawachagulie sehemu za Shakespeare mwenyewe na kuwasomea. Kusoma kwa sauti nyumbani, ndugu kwa ndugu, kumo katika nia ya kitabu tangu ukurasa wa kwanza.

Waandishi hao walikuwa watu wa namna gani? Mwezi Septemba 1796 Mary, akiwa ameshikwa na ugonjwa wa akili, alimchoma mama yake kisu akamwua. Charles alikuwa na miaka 21. Wengine wangeridhika dada afungiwe maisha yake yote; yeye akajitoa kuwa mlezi wake. Hakuoa. Alikaa naye mpaka yeye mwenyewe alipokufa mwaka 1834, na katika miaka hiyo yote ugonjwa ulikuwa ukienda na kurudi. Walipouona unakaribia, waliondoka wawili kwa miguu kwenda mahali pa kutunzia wagonjwa. Hadithi za watoto waliziandika kwenye meza moja: Mary zile za furaha, Charles zile za msiba. Toleo la kwanza lilibeba jina la Charles peke yake.

Basi Charles ndiye aliyeandika habari za Lear, baba aliyemlaani binti yake, akarukwa na akili, na binti yule yule akarudi kumtunza. Mimi siwezi tena kuisoma bila kumkumbuka aliyekuwa amekaa upande wa pili wa meza. Na kutoka nyumba hiyo iliyovunjika hadithi ikavuka bahari, ikafika kwa watoto waliotolewa makwao kwa nguvu. John Swedi, mmoja wa wale watano, alifanywa shemasi mwaka 1879.

Wako waliosema, na wapo hata leo, kwamba riwaya ni uongo, na nyumba ya Mkristo haifai kuisoma baada ya sala. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia baba yangu maneno hayo mbele yetu. Lakini msimuliaji wa pwani huutaja uongo kwa jina lake kabla hajaanza, na wasikilizaji humwitikia, hakuna anayedanganywa. Nathani naye alipokwenda kwa Daudi alimsimulia juu ya maskini na mwana-kondoo wake. Maskini yule hakuwako. Hasira ya Daudi ilikuwa ya kweli, na ilikuwa imemwingia kabla hajajua kwamba anasemwa yeye.

Baba hakumjibu yule mzee. Jioni ile alisali nasi, akafungua Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri iliyochapwa na Sheldon Press mwaka 1940, akaendelea pale tulipoishia. Alikuwa msomaji wa ovyo kidogo, akiruka mistari, na sauti ya Malkia aliifanya ifanane na ya shangazi yetu mmoja, mpaka mama akaacha kuchambua mchele kwa kucheka.

Mwaka huo kaka yangu mkubwa alikosana na baba kwa ajili ya shule. Miezi kadhaa walipita bila kusemezana. Chakula alikula jikoni, na wakati wa sala hakuonekana. Ila kitabu kilipofunguliwa, tulimsikia akija kuketi kwenye kizingiti, nje ya mwanga wa taa. Baba hakugeuka wala hakumwita. Alichofanya ni kusoma kwa sauti kubwa zaidi, jambo ambalo mimi nililitambua baada ya kukua.

Usiku mmoja kikohozi kilimbana katikati ya sura. Alingoja kidogo, akajaribu tena, akashindwa. Mimi nilikuwa karibu naye, nikanyosha mkono. Baba akanipita, akakipeleka kitabu mlangoni, kidole chake kikiwa bado juu ya mstari. Kaka akasogea penye mwanga, akakipokea, akaanza kusoma.