Kiondo: Historia ya Chombo na Historia ya Neno

Kiondo ni mkoba uliofumwa kwa mikono ya wanawake wa Wagikuyu na Wakamba, na ni vichache kati ya vyombo vya bara ya Kenya vilivyosafiri mbali kama hicho. Mara nyingi hutazamwa kama bidhaa ya soko. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kiondo ni ushahidi wa lugha pia, na kwamba ushahidi huo ukipuuzwa, chombo chenyewe hakitaelezeka sawasawa katika Kiswahili.

Asili ya kiondo ni gome. Wagikuyu walichuna gome la kichaka waitacho mũgio, na Wakamba walitumia gome la mbuyu. Nyuzi zilizotokana na gome zilisokotwa kwa kiganja juu ya paja. Mfumaji alianzia kitako: alitandaza nyuzi za msingi kutoka kati kama miali ya jua, kisha akazizungushia nyuzi mbili zilizopishana, akiongeza nyuzi za msingi kadiri chombo kilivyopanuka. Kwa hiyo kiondo hakina mshono tangu kitako hadi ukingo. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kiitwacho Facing Mount Kenya, aliihesabu kazi hii miongoni mwa viwanda vya Wagikuyu, na kuitaja kuwa ni ya wanawake.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yaliletwa na mkonge. Mmea huo uliingizwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na mashamba yake yakaenea Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Nyuzi zake, yaani katani, zikawa malighafi ya kiondo pamoja na gome, na baadaye zikalipita. Hata neno katani ni geni: asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni kitani. Baadaye ziliingia nyuzi za viwandani, na biashara ya kuuza vyondo nchi za nje ilipostawi katika miaka ya 1970 na 1980, mikanda ya ngozi, vifungo na bitana viliongezwa ili kumridhisha mnunuzi wa mjini.

Jina nalo lina safari yake. Katika Kigikuyu husemwa kĩondo, wingi ciondo. Katika Kikamba wingi ni syondo. Katika Kiswahili, majina mengi ya ngeli hii ambayo mashina yao huanza kwa irabu huchukua ch-: chombo, chakula, chumba. Kama neno hili lingefuata mkondo huo, lingekuwa chondo. Umoja wake umebaki na sura ya bara, kiondo, ilhali wingi wake, vyondo, umefuata vyombo na vyakula. Kwa hiyo neno moja lina mguu mmoja bara na mwingine pwani.

Lakini jambo zito zaidi limo katika kitenzi. Watu wengi husema kiondo “husukwa”. Pwani, kinachosukwa ni ukili: majani ya ukindu au miyaa husukwa yawe utepe mrefu, kisha utepe huo hushonwa kwa kuzungushwa hata ukawa kikapu. Kiondo hakiundwi hivyo. Mgikuyu husema gũtuma kĩondo, na msemaji wa Kiswahili asikiaye neno hilo hudhani ni kutuma. La hasha. Kigikuyu kimehifadhi irabu saba na hutofautisha u na ũ. Kiswahili kina tano tu. Gũtũma ndiyo kutuma. Gũtuma ni neno jingine, kwa maana t ya kale iliyotangulia irabu hiyo ya u iligeuka f katika Kiswahili. Ndivyo gũtura, kazi ya mhunzi, ilivyo kufua. Na ndivyo gũtuma ilivyo kufuma. Maneno hayo mawili ni ndugu wa mama mmoja. Asemaye kwamba kiondo hufumwa hasemi tu kwa usahihi wa ufundi, bali hulirudisha neno nyumbani kwao.

Hili si suala la ufasaha peke yake. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na pia iliagiza Bunge kutunga sheria ya kuzipatia jamii fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ilipitishwa mwaka 2016, nayo inataka maarifa hayo yaandikwe katika rejista. Rejista ni maneno. Karani atakayeandika kwamba kiondo ni “kikapu cha kusuka” atakuwa ameelezea chombo kingine, cha watu wengine, na fundi mwenye haki atakuwa hana alama ya kuonyesha. Hapana budi, basi, istilahi za kazi hii zikusanywe kutoka vinywani mwa wafumaji wakongwe, kwa Kigikuyu na Kikamba, na visawe vyake vya Kiswahili vipimwe kwa kazi ya mikono yao kabla ya kuingizwa katika kamusi.