Kufufua Kompyuta Kongwe

Watu wengi hudhani kuwa historia hukaa katika vitabu na magofu tu. Lakini historia imo pia katika vyombo vilivyotumiwa na mikono ya watu kila siku: jembe, saa, cherehani, na hata kompyuta. Chombo kitupwapo jaani, ushahidi wake hutupwa pamoja nacho. Kwa sababu hiyo, yafaa tujue namna ya kukifufua kilichozeeka.

Chukua mfano wa TRS-80 Model 100. Kompyuta hii iliundwa Japani na kampuni ya Kyocera, nayo kampuni ya Tandy ikaanza kuiuza Marekani mwaka 1983 katika maduka yake ya Radio Shack. Miaka miwili kabla yake ilitoka Osborne 1, iliyoitwa kompyuta ya kuchukulika, lakini uzito wake ulikuwa kilo 11 hivi, na ilitaka umeme wa ukutani. Model 100 ilikuwa na kilo 1.4 tu, ikaenda kwa betri 4 ndogo kwa muda wa saa 20 hivi. Kioo chake kilionyesha mistari 8, kila mstari herufi 40. Programu zake zilitoka kwa Microsoft, na Bill Gates mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioziandika.

Waandishi wa habari waliipenda upesi. Mtu aliweza kuandika habari uwanjani au safarini, kisha akaipeleka kwa mhariri wake kwa waya wa simu, kwani ile iliyouzwa Marekani ilikuwa na modemu ndani yake. Mwendo wake ulikuwa herufi 30 hivi kwa sekunde. Leo twauona kuwa mwendo wa kobe. Wakati ule ulimwezesha mwandishi kuwahi gazeti la asubuhi.

Sasa tazama ugonjwa wake. Kumbukumbu ya kompyuta hii hufutika umeme ukikatika. Ili maandishi yasipotee wakati wa kubadili betri, waundaji walilehemu ndani yake betri nyingine ndogo ya nikeli na kadimi. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Betri iliyowekwa kulinda kumbukumbu, ikizeeka, huvuja magadi makali yanayokula njia za shaba. Kapasita zake nazo huvuja.

Basi ukiinunua kompyuta ya namna hii kutoka kwa mwenyewe wa zamani, usiwe na pupa. Ikiwa ingali inawaka, nakili kwanza maandishi yaliyomo, kwa maana kazi itakayofuata itayafuta. Na ukikuta barua za watu, siri zao warudishie wenyewe. Kisha ondoa betri zote 4, fungua skrubu za chini, na utenganishe pande mbili taratibu, kwa kuwa zimeunganishwa kwa nyaya. Yeyusha lehemu uitoe betri iliyovuja. Usiitupe shambani, maana kadimi ni sumu. Palipoliwa, pasugue kwa siki kidogo, ambayo huuvunja ukali wa magadi. Halafu safisha kwa maji safi, kisha kwa spiriti, uache pakauke kabisa. Badili kapasita mbovu kwa nyingine za kiasi kile kile, ukiangalia sana upande wa chanya na wa hasi, kwani kuzigeuza ni kuziharibu. Mwisho, pima kila njia ya shaba kwa mita. Iliyokatika iunge kwa waya mwembamba.

Hata hivyo, mfufuaji mwema ana mpaka. Abadili kinachoiua mashine, akiache kinachoishuhudia. Herufi zilizofutika juu ya vibonye hueleza ni zipi zilizopigwa zaidi. Jina lililochorwa chini ya kasha hueleza ilikuwa ya nani. Ukivisugua hivyo vyote ili kasha ling'are, utapata kitu kizuri kisicho na habari. Andika daftarini kila ulichotoa na kila ulichotia, pamoja na tarehe, ili atakayeifungua baada yako asidanganyike akadhani kazi ya mkono wako ni ya mwaka 1983.

Msomaji, siku ukikutana na mashine kongwe iliyokaa kimya kabatini, usiulize bei yake kwanza. Uliza ilimfanyia nani kazi gani, kisha tafuta bisibisi.