Mwenye Chombo na Mwenye Amri

Mtu anunuapo jembe hununua pia haki ya kulitia mpini mwingine, kulinoa apendavyo na kulipeleka kwa mhunzi amtakaye. Muuzaji akisha kupokea fedha yake hana tena neno juu ya jembe hilo. Desturi hii ni ya kale, wala haikuhitaji sheria ya kuieleza, kwa sababu katika chuma na mti hakuna kitu kilichofichwa. Lakini katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 vilianza kuenea majumbani vyombo vya namna nyingine, ambavyo nusu yake ni mwili wa plastiki na madini, na nusu ya pili ni maagizo yasiyoonekana kwa macho. Mnunuzi alipewa mwili. Maagizo yalibaki katika mamlaka ya kiwanda. Ruta ni kimoja cha vyombo hivyo, na historia yake tangu mwanzo wa karne ya 21 ni historia ya watu waliouliza swali moja: ni nani mwenye amri juu ya kitu kilichokwisha kulipiwa?

Ruta ni kisanduku kidogo kinachopokea intaneti kutoka kwa kampuni ya mawasiliano na kuigawanya kwa kompyuta na simu za nyumba, ofisi au shule, aghalabu kwa mawimbi ya redio pasipo waya. Ndani yake mna kompyuta kamili, ijapokuwa ni ndogo: chipu ya kufikiri, kumbukumbu, redio, na programu dhibiti, yaani maagizo ya kudumu yanayoamua ni taarifa ipi ipite, ipi izuiwe na ipi ingoje. Barua za watu, hesabu zao za benki na mazungumzo yao hupita katika mlango huu. Aliyeandika programu dhibiti ni bawabu wa nyumba, na mwenye nyumba asipoweza kuisoma programu hiyo hana budi kumwamini bawabu asiyemchagua.

Shina la jambo hili ni kongwe kuliko ruta za majumbani. Karibu na mwaka 1980, katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani, Richard Stallman alitaka kurekebisha programu ya mashine ya kupigia chapa iliyotoka kwa kampuni ya Xerox, ili mashine iwaarifu watumiaji kila karatasi zinapokwama. Alikuwa amefanya hivyo kwa mashine iliyotangulia. Safari hii alinyimwa msimbo wa chanzo, yaani maandishi ya asili ya programu, ambayo mwanadamu aweza kuyasoma na kuyabadili. Kunyimwa huko kulimwingia moyoni. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, mwaka 1985 akaanzisha Taasisi ya Programu Huria, na baadaye akatunga leseni iitwayo GPL, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1991. Mwaka huo huo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha mfumo wa kompyuta kiitwacho Linux, na mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni hiyo.

Sharti la GPL ni jepesi kulieleza. Kila mtu ana ruhusa ya kuitumia programu, kuibadili, hata kuiuza; lakini anayempa mwingine programu hiyo lazima ampe pia msimbo wake wa chanzo kwa masharti yale yale. Ni kama mpishi aliyejifunza pishi bure kwa jirani: aweza kuuza chakula, ila hana ruhusa ya kumficha mlaji namna kilivyopikwa. Viwanda vilivutwa na ubure wa Linux, na vingi havikulitia maanani sharti lililofuatana nao.

Mwisho wa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilianza kuuza ruta ya nyumbani iliyoitwa WRT54G. Mwaka uliofuata Linksys ilinunuliwa na Cisco, kampuni kubwa ya vyombo vya mtandao, kwa thamani ya hisa za dola zipatazo milioni 500. Katikati ya mwaka huo wa 2003 wataalamu walioichunguza ruta hiyo walikuta kwamba programu yake ilijengwa juu ya Linux na programu nyingine za GPL, na msimbo wa chanzo haukutolewa. Programu hiyo ilikuwa imepita mikononi mwa kampuni zaidi ya moja, tangu watengenezaji wa chipu hadi muuzaji wa mwisho, na kila mmoja alipokea alichopewa pasipo kuuliza asili yake. Lakini kutojua si kinga mbele ya leseni. Taasisi ya Programu Huria ikaingia kati, na kabla ya mwaka kwisha Linksys ilitoa msimbo huo hadharani.

Matokeo yake hayakutarajiwa na kiwanda. Ruta ya kawaida, yenye megabaiti 4 za hifadhi na 16 za kumbukumbu ya kazi, iligeuka kuwa shamba la majaribio. Watu waliongeza nguvu ya mawimbi, wakapanga foleni ya taarifa ili mazungumzo ya simu yasikwamishwe na upakuaji wa mafaili, na wakaunganisha ruta za majirani zikapokezana taarifa kwa hewa. Mwezi Januari 2004 ulianza mradi wa OpenWrt. Mwanzoni ulitegemea msimbo wa Linksys. Baadaye waanzilishi waliona kwamba kuitia viraka kazi ya kiwanda hakutoshi, wakajenga mfumo wao kutoka msingini, ambao mwenye ruta aliweza kuongeza na kuondoa programu ndani yake kama afanyavyo katika kompyuta ya mezani. Miradi mingine, kama DD-WRT na Tomato, ilimea katika udongo huo huo.

Wakati mafundi wakijenga, wanasheria nao hawakulala. Mwezi Aprili 2004 mahakama ya Munich, nchini Ujerumani, ilitoa amri ya zuio dhidi ya kampuni ya Sitecom kwa shauri la Harald Welte, mmoja wa waandishi wa sehemu ya Linux inayochuja taarifa za mtandao. Sitecom iliuza ruta yenye kazi ya Welte pasipo kutimiza sharti la GPL, na mahakama ikakubali kwamba leseni hiyo ina nguvu ya kisheria. Mwezi Desemba 2008 Taasisi ya Programu Huria iliishtaki Cisco mjini New York kwa habari ya bidhaa za Linksys. Pande mbili zilipatana mwezi Mei 2009: Cisco ikakubali kumweka mtu maalumu wa kusimamia utimizaji wa leseni katika Linksys, na kuichangia Taasisi fedha.

Hata hivyo sheria hufungua mlango tu. Haimbebi mtu kumwingiza ndani. Jambo hili lilidhihirika mwisho wa mwaka 2005, Linksys ilipotoa toleo la tano la WRT54G. Umbo la nje lilikuwa lile lile, bali ndani Linux ilikuwa imeondolewa na mfumo mwingine uliofungwa ukawekwa mahali pake, na hifadhi ikapunguzwa hadi megabaiti 2. Kwa waliotaka Linux, kampuni iliendelea kuuza chombo cha zamani kwa jina jipya la WRT54GL. Hapana sheria iliyovunjwa, kwa kuwa kiwanda kina hiari ya kutotumia programu huria. Funzo lilikuwa wazi: uhuru unaotegemea chombo kimoja cha kampuni moja waweza kuondoka kwa badiliko dogo la kiwandani. Ilipasa programu ifundishwe kukaa katika vyombo vingi vya viwanda vingi.

Kazi hiyo ya kuongeza chombo baada ya chombo ndiyo uti wa mgongo wa historia hii, ijapokuwa haisimuliwi sana. Mtu hununua ruta iliyotoka dukani, huifungua skrubu na kuandika majina ya chipu zake. Hutafuta pini tatu au nne ambazo mafundi wa kiwanda huzitumia kusemezana na chombo kwa waya, kisha husoma maneno ambayo chombo hutoa tangu kinapoamka. Katika maneno hayo hujua hifadhi imegawanywa vipi: hapa pana programu ya kuamshia, hapa pana kiini, na hapa pana vipimo vya redio, ambavyo kiwanda kilivichukua kwa chombo hicho kimoja na kuviandika humo. Vikifutwa vipimo hivyo, redio hupoteza uhodari wake, na kuvirudisha ni shida. Baada ya hapo huandika maelezo ya chombo, taa kwa taa na kitufe kwa kitufe, huunda programu na kuijaribu. Akikosea, huenda chombo kikafa asiweze kukifufua. Akifaulu, huipeleka kazi yake kwa wenzake, nao huikagua mstari kwa mstari kabla ya kuipokea. Mamia ya vyombo yameongezwa kwa njia hii, na wengi waliofanya kazi hiyo hawakulipwa na mtu.

Upinzani mwingine ulitoka upande wa serikali. Katika baadhi ya masafa ya gigahezi 5, ambayo ruta nyingi huyatumia, hufanya kazi pia rada zinazotazama hali ya hewa karibu na viwanja vya ndege, na ilikuwa imeonekana kwamba vyombo vilivyowekwa vibaya vilizivuruga. Hoja hii ilikuwa ya haki, maana uhuru wa mtu mmoja haumpi ruhusa ya kuhatarisha ndege za wengine. Lakini mwezi Machi 2015 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, katika mwongozo wake, iliwataka watengenezaji waeleze jinsi wanavyozuia chombo kisiwekewe programu ya watu wengine, na DD-WRT ikatajwa kwa jina. Ilihofiwa kwamba viwanda vingefunga chombo chote ili kuepuka gharama ya kuifunga redio peke yake. Wataalamu zaidi ya 200, akiwamo Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, waliiandikia Tume barua mwezi Oktoba, wakisema kwamba msimbo unaosomwa na wengi ndio unaotengenezeka. Mwezi uliofuata Tume iliusahihisha mwongozo wake na kueleza kwamba haikukusudia kuzipiga marufuku programu huria.

Kesi iliyofuata ilikuwa na mafunzo. Mwezi Agosti 2016 kampuni ya TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000, kwa kuwa baadhi ya ruta zake zilimruhusu mtumiaji kuchagua nchi nyingine na hivyo kupita kiwango halali cha nguvu. Kosa hilo lilikuwa katika programu ya kiwanda chenyewe. Katika mapatano hayo kampuni iliahidi pia kushirikiana na waandishi wa programu huria, ili ruta zake ziweze kuzipokea pasipo kuvunja sheria ya redio.

Wala si kila mgogoro ulitoka nje. Mwezi Mei 2016 baadhi ya wajenzi wa OpenWrt walijitenga wakaanzisha mradi wa LEDE, wakilalamika kwamba maamuzi yalifanywa gizani na wageni hawakukaribishwa vya kutosha. Ilikuwa aibu kwa watu wanaodai uwazi kukosa uwazi baina yao. Lakini hawakuharibiana kazi, na mwezi Januari 2018 walitangaza kuungana tena, kwa jina la OpenWrt na kanuni za LEDE.

Mwaka huo huo ulionyesha kwa nini juhudi hii si mchezo wa mafundi tu. Mwezi Mei 2018 watafiti wa Cisco walitangaza kuonekana kwa programu ovu iliyoitwa VPNFilter, iliyokuwa imevamia vyombo visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vingi vikiwa ruta za nyumba na ofisi ndogo. Vyombo vingi vya namna hiyo vilikuwa na kasoro zilizokwisha kujulikana hadharani. Programu huria haina kinga ya miujiza, nayo hukutwa na kasoro. Tofauti ni kwamba kiwanda kinapoacha kutoa masahihisho, mwenye ruta iliyofungwa hubaki na mlango mbovu asiokuwa na ruhusa ya kuutengeneza, hali mwenye ruta iliyo wazi hungoja kiraka cha mtu yeyote mwenye ujuzi. Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, hawakuwa na maana kwamba mbacha hauhitaji kushonwa.

Mwishoni mwa mwaka 2024, miaka ishirini tangu mradi kuanza, ilitoka OpenWrt One, ruta ya kwanza iliyobuniwa pamoja na wajenzi wa mradi wenyewe. Kumbukumbu yake ya kazi ni gigabaiti 1, na dola 10 katika bei ya kila kimoja hutengwa kwa ajili ya mfuko wa mradi. Ina hifadhi mbili na swichi ya kuchagua kati yake, hata mtu akiiharibu moja kwa jaribio baya, ya pili yaweza kukiamsha chombo. Waliobuni swichi hiyo waliufahamu uchungu wa kuua ruta mezani. Hata hivyo safari haijafika mwisho wake, kwa maana chipu nyingi za redio zingali zikihitaji kipande cha programu ambacho watengenezaji wake hawatoi msimbo wake wa chanzo.

Uhuru uliopatikana ulianza na sharti la maneno machache katika leseni, ukathibitishwa na mahakama, na ukalindwa kwa hoja mbele ya serikali. Lakini uliowafikisha watu hata katika ruta zao ni uvumilivu wa wale waliokaa na bisibisi na waya, wakiongeza chombo kimoja, kisha kingine. Haki ambayo hakuna mtu wa kuifanyia kazi hubaki katika karatasi. Na kazi isiyo na haki nyuma yake huweza kuzuiwa siku yoyote. Ruta yenye vyote viwili ndiyo ambayo mnunuzi wake aweza kusema, pasipo kukosea, kwamba ni mali yake.