Ndagala, Sombe na Wali: Historia Iliyomo Katika Sahani ya Buterere

Kila kitabu cha kufundishia Kiswahili kwa wageni kina somo la chakula, na kila somo la chakula lina swali lile lile: "Kwenu mnakula nini?" Majibu yaliyochapishwa tunayajua kwa ghaibu: pilau, wali wa nazi, samaki wa kupaka, ugali kwa mchicha, chapati kwa maharagwe. Ni majibu mazuri, ila mengi yanatazama baharini. Katika makala haya tungependa kuelekea mwisho wa pili wa njia ya zamani ya misafara, hadi Bujumbura, na hasa katika mtaa wa Buterere. Huko mtu akiulizwa swali hilo kwa Kiswahili atajibu kwa Kiswahili: ndagala, sombe, lengalenga, mukeke. Maneno haya mwanafunzi kutoka Burundi huja nayo darasani, na mara nyingine karatasi yake hurudi ikiwa na mstari mwekundu chini ya kila moja. Sisi tunaona kwamba mstari huo unafuta zaidi ya neno.

Buterere iko kaskazini mwa jiji, kwenye ardhi tambarare ya bonde la Imbo, upande wa uwanja wa ndege. Ilikuwa komini yenyewe hadi katikati ya miaka ya 2010, komini 13 za Bujumbura zilipounganishwa zikawa tatu. Tangu hapo imo ndani ya Ntahangwa. Ukiitaja Buterere kwa mkazi wa mitaa ya juu, kwanza atakumbuka dampo la jiji, kisha mabwawa ya kusafishia maji machafu, kisha mafuriko kama yale ya usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, yaliyobomoa nyumba huko na katika mitaa jirani ya Kamenge na Kinama. Si mtaa wa matajiri. Nyumbani Kirundi ndicho kinachotawala. Sokoni, kwenye basi na gereji, Kiswahili huchukua nafasi yake. Pembezoni kuna mashamba ya mpunga na ya mboga. Kwa anayechunguza historia ya chakula mtaa kama huu una faida moja kubwa: hakuna anayepika ili kuonyesha mila yake kwa watalii. Kinachopikwa ni kile kinachopatikana kwa fedha iliyopo.

Tuanze na ndagala, kwa kuwa ndiyo yenye mengi ya kusema. Ni samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, wenye urefu wa kidole hivi, wanaoishi katika makundi makubwa mbali na ufuo na kupanda juu usiku. Tanzania huitwa dagaa, upande wa Kongo ndakala, Zambia kapenta. Tangu zamani wavuvi waliwavuta kwa mwanga: moto wa kuni uliwashwa mbele ya mtumbwi, samaki wakakusanyika, wakachotwa kwa wavu wenye mpini mrefu uitwao lusenga. Katika miaka ya 1950 mambo yalibadilika haraka. Wavuvi Wagiriki walileta Usumbura, jina la Bujumbura wakati huo, meli za nyavu kubwa za kuzungushia. Katika muongo huo huo wavuvi wadogo walianza kufunga mitumbwi miwili sambamba na kushusha wavu katikati, chini ya mwanga wa karabai. Baadaye ukaja mtindo mkubwa zaidi unaoitwa Apollo. Zile meli za Wagiriki zimekwisha. Mitumbwi miwili miwili bado inaingia majini kila jioni, isipokuwa siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti samaki. Mama wa Buterere hana haja ya kalenda kulijua hilo. Bei ya ndagala inamwambia.

Ndagala wabichi huliwa siku hiyo hiyo. Wengi huanikwa juani, zamani juu ya mchanga wa ufuoni, siku hizi pia juu ya vichanja, na hapo ndipo thamani yao katika historia ilipo. Kilo moja ya wakavu hutokana na kilo tatu au nne za wabichi. Mzigo ukawa mwepesi, ukaweza kubebwa kichwani, kisha kwa baiskeli na lori, mpaka milimani ambako watu wengi hawajawahi kuliona ziwa. Samaki wakubwa hawakuweza kusafiri hivyo. Ndiyo maana ukimwuliza mtu aliyezaliwa Ngozi au Muyinga, na sasa anaishi Buterere, chakula cha utotoni, atataja maharagwe na ndizi za kupikwa, na siku nzuri, maharagwe yenye ndagala wachache. Maharagwe yenyewe yanaitwa ibiharage kwa Kirundi. Sikio lolote la Mswahili litatambua ujirani huo.

Hapa turuhusiwe kuingia kidogo katika isimu, kwani ndiyo kazi yetu. Kiswahili Sanifu kimepoteza sauti l kati ya irabu katika maneno mengi ya Kibantu, ilhali Kirundi kimeibakiza kama r. Tunasema njaa, Warundi husema inzara. Tunasema makaa, wao amakara. Sisi kuzaa, wao kuvyara. Sasa tazama: dagaa, indagara. Ni kanuni ile ile kabisa. Neno ndagala la Kiswahili cha Bujumbura, basi, si dagaa lililoharibiwa na ulimi wa kigeni. Kama kuna umbo lililopoteza kitu njiani, ni letu, ambalo limeacha l na pia n ya mwanzo. Mwalimu anayepiga mstari mwekundu anamsahihisha ndugu mkubwa.

Mukeke ana heshima tofauti. Ni samaki mrefu mwenye umbo la risasi, anayekula ndagala, na Kigoma wanamwita mgebuka. Akipasuliwa, akapakwa chumvi, akachomwa juu ya makaa na kuliwa kwa vitunguu, mtu wa Bujumbura aliye ughaibuni hukumbuka kwao mara moja. Lakini kwa familia nyingi za Buterere ni chakula cha sikukuu, cha mgeni, au cha siku kibarua kimelipwa. Tunalisema hili kwa sababu vipeperushi vya utalii humfanya mukeke aonekane kama chakula cha kila siku.

Cha kila siku ni ugali wa muhogo na sombe. Sombe ni kisamvu: majani ya muhogo yaliyotwangwa kinuni na kuchemshwa kwa saa nyingi, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu. Hutiwa mawese, yale mafuta mekundu yanayotoka zaidi katika mashamba ya michikichi ya Rumonge, kusini mwa jiji, na pengine karanga za kusaga au ndagala. Watu hudhani huu ndio upishi wa kale kuliko wote. Ukweli ni kwamba muhogo ulitoka Amerika, ukaingia Afrika ya Kati kutokea pwani ya Atlantiki, na kwa Burundi kuenea kwake kwingi ni jambo la karne ya 20. Baada ya njaa ya mwisho wa miaka ya 1920, utawala wa Wabelgiji katika Ruanda-Urundi ulilazimisha kila kaya kupanda mazao yasiyotegemea msimu, yaani muhogo na viazi vitamu, na kulima mabondeni. Asiyepanda aliadhibiwa. Njaa kubwa ilirudi hata hivyo mwaka 1943 na 1944. Kilichoanza kama amri ya bwana mkubwa, wajukuu wanakiita chakula cha bibi, nasi hatuoni kwamba wamekosea. Vizazi vitatu vya kutwanga vinatosha kukifanya kitu kuwa chako. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa mkali wa batobato ulipoingia nchini na kuangamiza mihogo, watu walilia kama waliofiwa na zao la mababu.

Wali una njia nyingine. Ulikuja na misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani, iliyopita Tabora hadi Ujiji. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakiifuata njia hiyo iliyokwisha kuzoeleka, na Livingstone na Stanley walipokwenda kuukagua mdomo wa mto Ruzizi Novemba 1871 walipita kwenye ufuo ambao wafanyabiashara wa Ujiji waliujua vizuri. Lakini misafara haikuingia milimani. Mwami Mwezi Gisabo aliyazuia majeshi ya Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, na kwa hiyo Uswahili wa Burundi ukabaki ufuoni. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walipojenga kituo chao Usumbura walikuja na askari na wachuuzi waliozungumza Kiswahili, na chini ya Wabelgiji mtaa wa Buyenzi ukawa makao yanayojulikana ya Waswahili hadi leo. Pilau, sambusa, mandazi na chapati vilitokea huko kwenda mitaa mingine. Msamiati ulifuata: Mrundi hupika umuceri katika isafuriya, akaupakua kwenye isahani, kisha akanywa icayi yenye isukari. Baadaye mpunga ukalimwa kwa umwagiliaji katika Imbo yenyewe, kule Gihanga, na kwa hiyo mchele wa Buterere leo hautoki mbali. Chakula kilichokuwa cha wageni kinaota karibu na mlango, na bado kinaitwa kwa neno la wageni hao.

Kuna safu moja zaidi juu ya sahani, nayo ni ya majonzi. Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 kulifungua vita vilivyodumu zaidi ya miaka kumi. Mitaa ya kaskazini ya Bujumbura iliumia sana. Kuanzia mwisho wa Julai 1996 hadi Januari 1999 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, na bei za vyakula na mafuta zikapanda. Mamia ya maelfu walikuwa wakimbizi Tanzania, katika kambi za Kibondo, Kasulu na Ngara, wakila mgawo wa unga wa mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia. Watoto waliozaliwa huko walijifunza Kiswahili cha Kigoma na ugali wa mahindi kwa wakati mmoja. Kuanzia mwaka 2002 wengi walianza kurejea. Ndiyo sababu katika nyumba moja Bujumbura unaweza kumsikia mama akisema ndagala na binti akisema dagaa, naye baba akitaka ugali wa muhogo mweusi huku watoto wanapendelea ule mweupe wa mahindi. Mwanafunzi wa kaya kama hiyo anapoandika "kwetu tunakula ndagala", anaandika upande gani wa familia yake ulibaki.

Kinachotusumbua zaidi ni kwamba maneno yanaweza kuishi kuliko vyakula vyenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa maji ya Ziwa Tanganyika yamekuwa yakipata joto, kwamba maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na kwamba kwa hiyo rutuba haipandi kulisha vijimea ambavyo ndagala hutegemea. Watafiti walikadiria kwamba mavuno ya samaki yalipungua kwa asilimia 30 hivi. Ongeza uvuvi wa kupita kiasi: Burundi ina asilimia 8 tu ya ziwa, na wanaovua pande zote nne ni wengi kuliko zamani. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hatua kama hiyo ina maana, lakini inamfikia pia mnunuzi wa kopo moja sokoni. Tangu soko kuu la Bujumbura liungue tarehe 27 Januari 2013, biashara kubwa ya vyakula imetawanyika katika masoko ya mitaani, likiwemo lile la Ngagara linaloitwa Cotebu, ambalo watu wa kaskazini hulitegemea. Pale ndagala hupimwa kwa kikopo, na kikopo chenyewe kimepungua ukubwa.

Kwa hiyo tumekubaliana jambo dogo katika idara. Kuanzia muhula ujao orodha ya msamiati wa chakula ya mwaka wa kwanza itakuwa na safu mbili badala ya moja, moja ya pwani na moja ya maziwa: dagaa na ndagala, mgebuka na mukeke, kisamvu na sombe, mchicha na lengalenga, mshikaki na brosheti. Hakuna safu itakayoitwa sahihi. Katika mtihani wa mazungumzo mwanafunzi atachagua safu aliyoizoea, mradi apatanishe ngeli zake vizuri. Na tunaonya mapema kwamba ndagala atatusumbua hapo, maana wapo wanaosema "ndagala wangu" na wapo wanaosema "ndagala zangu", na wote wawili wanatoka Buterere.